Mbona programu zetu hazigombi mtu akikosea?

Leo naweka kando mambo ya bumu na ratiba ya UE. Nataka tubishane kidogo kuhusu kitu ambacho wengi mnakiona kidogo sana: jinsi programu zetu za C zinavyosoma yale maneno ambayo mtumiaji anayaandika baada ya jina la programu pale kwenye terminali. Zile -l, -v, --help na ndugu zake. Darasani tunaziita opsheni, mimi hapa nitasema machaguo. Najua kuna watu wameshaanza kupiga miayo. Vumilieni, maana humu ndani kuna hela za watu.

Msimamo wangu nausema mapema ili asiyekubali ajiandae. Tuache kusoma argv kwa kubahatisha, tutumie getopt. Na programu yoyote inayopewa kitu isichokielewa ikatae kwa sauti na isimame hapo hapo. Basi, hiyo ndiyo hoja.

Tukumbushane kwanza, kwa ajili ya wale wa mwaka wa kwanza. Ukiandika main yenye argc na argv, mfumo unakupa idadi ya maneno pamoja na safu ya maneno yenyewe. argv[0] kwa kawaida ni jina la programu, argv[1] ni neno linalofuata, na kuendelea. C yenyewe haina habari kwamba -b ni chaguo, au kwamba asali.txt ni faili. Kwake yote ni mifuatano ya herufi tu. Kuyapa maana ni kazi yako wewe uliyeandika.

Sasa hapa chuo nimeona mitindo mitatu ya kuifanya kazi hiyo.

Wa kwanza ni kuikimbia kabisa. Mtu anachapisha menyu, "Bonyeza 1 kuingiza, bonyeza 2 kutafuta, bonyeza 3 kutoka", halafu scanf. Siku ya prezentesheni inapendeza kweli. Lakini programu ya menyu inataka mtu akae mbele yake aibonyezee. Ukitaka cron iiendeshe yenyewe saa nane usiku, au ukitaka kuiita ndani ya skripti mara hamsini kwa mafaili hamsini, unaanza kuhangaika.

Mtindo wa pili ni wa nafasi: neno la kwanza ni faili, la pili ni bei, la tatu ni asilimia, la nne ni sifuri au moja. Wa tatu ni mnyororo wa if na strcmp, mmoja baada ya mwingine, unarefuka kila mara mtu anapoongeza chaguo jipya. Mitindo hii miwili inasambaa kwa desa. Ukimuuliza mwenye kodi kwa nini amefanya hivyo, anakwambia aliikuta kwa mshkaji aliyemtangulia mwaka.

Nije kwenye hizo hela. Sisi wenyeji wa Itigi tumezoea kuulizwa ni wapi huko. Ni pale kwenye reli ya kati, ukishapita Manyoni unaelekea Tabora, penye hospitali ya St. Gaspar na machimbo ya jasi, na vile vichaka vizito ambavyo wataalamu wa mimea wanavijua kwa jina la mji wetu. Huku kwetu nyuki ni kazi ya watu wazima, na asali ni ada ya shule. Likizo iliyopita kikundi kimoja cha wafugaji nyuki kiliniomba nikawaangalizie kompyuta yao. Kuna mhitimu mmoja, sitamtaja wala sitataja chuo chake, aliwaandikia programu ya C ya kukokotoa malipo ya wanachama. Inaendeshwa hivi:

malipo asali.txt 8500 2.5 1

8500 ni bei ya kilo. 2.5 ni asilimia ya mchango unaokatwa kwa kila mwanachama kuingia mfuko wa kikundi. 1 maana yake "chapisha". Kwa nini 1 ndiyo iwe mwisho? Anajua aliyeandika, naye kashaondoka zake.

Mweka hazina wao ni mama mmoja mtu mzima anayetunza daftari lake la karatasi sambamba na kompyuta. Nilipofika nikamwamkia, akaitikia, akanifungulia ukurasa. "Mwanangu, nyie mliosoma hebu niambie, mbona mfuko wetu kwenye mashine unapungua na kwenye daftari haupungui?"

Nikafungua kodi. Kila namba ilikuwa inasomwa kwa atoi. Hii atoi tabia yake ni moja: inasoma tarakimu mpaka ikutane na kitu kisicho tarakimu, inakurudishia ilichopata mpaka hapo, na haisemi neno. Ukiipa "2.5" inarudisha 2. Ukiipa "abc" inarudisha 0. Ukiipa "8,500" kama tunavyoandika bei zetu sote, inarudisha 8.

Pigeni hesabu wenyewe. Mzigo wa kilo 640 kwa bei ya 8,500 ni shilingi 5,440,000. Asilimia 2.5 yake ni 136,000. Programu ilikuwa inakata asilimia 2, yaani 108,800. Shilingi 27,200 zinakosekana kwenye mfuko kwa mzigo mmoja tu, na huo mfuko ndio unaonunua mizinga mipya. Hakuna aliyeiba. Wanachama walilipwa zaidi kidogo, mfuko ukapata pungufu, na vikaoni watu wakaanza kumtazama mama mweka hazina kwa jicho la pembeni. Ile ya koma ingejulikana siku hiyo hiyo, maana hakuna anayekubali kuuza asali kwa shilingi nane. Hii ya nukta ilijificha kwa sababu jibu lake lilifanana na ukweli.

Nilipomweleza, mama akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike haya: "Sasa mbona haigombi? Mtoto wa dukani ukimpa hela pungufu anagomba. Hii kompyuta mtu anaipa kitu haijui kusoma, inanyamaza tu?"

Jibu ni kwamba kompyuta haigombi mpaka wewe uiandikie ugomvi. Na ugomvi huo una sehemu mbili. Moja ni kujua neno gani ni la nini. Nyingine ni kuhakikisha neno lenyewe linasomeka.

Tuanze na kujua neno gani ni la nini. Ukienda kwa mama lishe hausemi "wali, maharage, sifuri, moja". Unasema "wali maharage, pilipili weka kando, mchuzi usiweke". Hata ukianza na pilipili ukamalizia na wali, sahani inakuja ile ile, kwa sababu kila kitu umekitaja kwa jina lake. Machaguo ya terminali ni hivyo hivyo. Ukiandika

malipo -b 8500 -m 2.5 asali.txt

au ukatanguliza -m kabla ya -b, maana haibadiliki. Bei imetajwa bei, mchango umetajwa mchango. Anayeandika anajua anachoandika, na anayekagua karatasi wiki tatu baadaye anajua kilichoandikwa.

Kazi ya kuyachambua hayo ilishafanywa zamani. getopt imo kwenye Unix tangu miaka ya mwanzo ya 1980, na mwaka 1985 AT&T walitoa kodi yake kwenye mkutano wa UNIFORUM kule Dallas ili kila mtu aitumie bure na programu za watu tofauti zisomeke kwa namna moja. Leo imo kwenye kanuni za POSIX, unaipata kwa unistd.h. Inakaa hivi:

int c;
while ((c = getopt(argc, argv, ":b:m:h")) != -1) {
    switch (c) {
    case 'b': bei = soma_namba(optarg, "bei"); break;
    case 'm': mchango = soma_namba(optarg, "mchango"); break;
    case 'h': matumizi(stdout); return 0;
    case ':': fprintf(stderr, "malipo: -%c inahitaji namba\n", optopt);
              return 2;
    default:  fprintf(stderr, "malipo: silijui chaguo -%c\n", optopt);
              matumizi(stderr);
              return 2;
    }
}

Ule mfuatano ":b:m:h" ndio mkataba wote. Herufi yenye nukta mbili baada yake inadai thamani, na thamani hiyo unaikuta kwenye optarg. Herufi isiyo na nukta mbili, kama h, inasimama peke yake. Nukta mbili ya mwanzoni kabisa inaiambia getopt: "wewe usigombe, nitagomba mwenyewe", halafu inakurudishia ':' pale thamani inapokosekana na '?' pale chaguo lisipojulikana. Mzunguko ukiisha, optind inakuonyesha neno la kwanza ambalo si chaguo, yaani hapo ndipo majina ya mafaili yanapoanzia. Unapata pia bila kutoa jasho kwamba -m2.5 na -m 2.5 ni kitu kimoja, na kwamba -- maana yake "machaguo yameisha", kwa hiyo faili lenye jina linaloanza na kistari halikusumbui. Ule mnyororo wako wa strcmp unafanya yote haya? Nimefungua mingi, sijakuta hata mmoja.

Sehemu ya pili ya ugomvi ni namba yenyewe, na hapo getopt haikusaidii. Ni wewe:

double soma_namba(const char *s, const char *jina) {
    char *mwisho;
    errno = 0;
    double n = strtod(s, &mwisho);
    if (mwisho == s || *mwisho != '\0' || errno != 0
        || !isfinite(n) || n < 0) {
        fprintf(stderr, "malipo: %s '%s' haisomeki kama namba\n", jina, s);
        exit(2);
    }
    return n;
}

strtod inakwambia iliishia wapi kusoma. Kama haikufika mwisho wa neno, kuna kitu haikukielewa, na wewe unakataa. "8,500" inakataliwa kwa sababu ilikwama kwenye koma. Hata mtu akisahau bei akaandika -b -m 2.5, getopt itaichukua "-m" kama thamani ya b, kwa kuwa b inadai thamani. soma_namba ikiiona "-m" inapiga kelele. Mlinzi mmoja akipitiwa, wa pili yupo macho.

Bado kuna mitego. Usihifadhi jibu la getopt kwenye char, tumia int. Kwenye Linux ya mashine za ARM, kama vile Raspberry Pi, char kwa kawaida haibebi namba hasi, kwa hiyo ile -1 ya kumaliza mzunguko haionekani kamwe na programu inazunguka milele. Pia getopt haijui chaguo lipi ni la lazima. Baada ya mzunguko hakikisha mwenyewe kwamba bei na mchango vyote vimetolewa, na kwamba kuna faili lililobaki. Ukitaka machaguo marefu kama --bei na --mchango, tumia getopt_long iliyo kwenye getopt.h. Kwa mtu anayeandika amri mara moja kwa mwezi, --mchango inakumbukika kuliko -m.

Najua kuna wanaosema haya ni makosa ya wanafunzi tu, wakubwa hawayafanyi. Haya, sikilizeni. Januari 2022 kampuni ya Qualys ilitangaza udhaifu uliopewa namba CVE-2021-4034, maarufu kama PwnKit. Ulikuwa ndani ya pkexec, programu ya C iliyokuwa imewekwa kwenye Linux nyingi sana duniani na ambayo kazi yake ni kuendesha amri kwa mamlaka ya mtu mwingine, mara nyingi root. Mzunguko wake wa kusoma machaguo ulianzia n = 1 ukienda hadi argc, kwa kudhani kwamba argv[0] lazima iwepo. Mtu akiiita kwa safu tupu, yaani argc ikiwa 0, mzunguko hauingii hata mara moja lakini n inabaki 1. Halafu kodi inayofuata inasoma argv[1], ambayo haipo. Kwenye kumbukumbu, baada ya argv zinafuata thamani za mazingira, kwa hiyo programu ilikuwa inasoma na hatimaye kuandika mahali pa jirani. Mtumiaji wa kawaida kabisa aliweza kuwa root. Kodi hiyo ilikuwepo tangu Mei 2009. Karibu miaka 13 ufa umekaa ukutani na watu wanapita! Baadaye mwaka huo huo Linux toleo 5.18 ikaweka kwamba programu haianzishwi tena na safu tupu.

Kwa hiyo yale mambo madogo ya argc ndiyo mlango wa mbele wa programu. Kila anayeingia anapita hapo, mwema na mwizi.

Nasikia pingamizi lingine: "Ndugu, hii ni enzi ya simu, nani anaandika amri?" Wewe unaandika. gcc unayokompailia inasoma machaguo. git ni hivyo hivyo. Seva zinazobeba hizo programu za simu zinaendeshwa na skripti zenye amri zenye machaguo. Tena kwa mtu wa Itigi kuna faida nyingine: intaneti ikiwa nzito, kuingia kwenye mashine ya mbali kwa ssh na kuandika mstari mmoja kunawezekana pale ambapo kufungua skrini nzima yenye vitufe hakuwezekani.

La Windows nalikubali nusu. Kompaila ya Microsoft haiji na getopt. Lakini wengi wetu tunatumia Code::Blocks au Dev-C++ zenye MinGW ndani, na hiyo inayo getopt.h. Kwa hiyo sababu hiyo nayo mkiichunguza inayeyuka.

La mwisho ni lugha. Kwa nini programu ya mfuko wa wafugaji nyuki igombe kwa Kiingereza? Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Kama wao waliweza kutafsiri maelfu ya mistari, sisi tunashindwa nini kuandika mistari sita ya matumizi()? Ukitaka lugha mbili ipo gettext. Ukitaka moja, andika moja kwa moja, "inahitaji namba", "silijui chaguo". Mtu akikosea aelewe amekosea nini na aandike nini badala yake, bila kukupigia simu. Ule ujumbe ndio mwalimu pekee uliyemwachia, maana wewe utakuwa Dar au Mwanza unatafuta kazi.

Kwa hiyo kabla hujakabidhi projekti yako, iendeshe bila neno lolote. Iendeshe na chaguo lisilokuwepo. Ipe chaguo bila thamani yake. Ipe "8,500", ipe "abc", ipe faili linaloitwa -b.txt baada ya alama --. Ujumbe wa kosa uende stderr ili usichanganyike na ripoti, na programu irudishe namba isiyo sifuri ili skripti inayoiita ijue mambo yameharibika. Majaribio haya yote ni ya dakika kumi. Ikinyamaza kwenye lolote kati ya hayo na kukupa jibu zuri zuri, usiipeleke kwa watu bado.

Nasi tunaosahihishiana kazi vyumbani huko hosteli tuwe na kautaratibu: ukiona atoi kwenye kodi ya mwenzio, mgombeze. Afadhali agombezwe na wewe kuliko mtu wa watu agombane na wenzake kikaoni kwa hela ambayo hakuichukua.

Nawakilisha.